Dkt. Waithera Katoo, Daktari wa Mashimo

Nyumba ya mzee Gakuru na mama Mumbi ilipata kifungua mimba tarehe 14 Machi 1974, pale Kiserian. Akaitwa Waithera. Mimi Gichuru, ninayesoma haya, ndiye kitinda mimba, na hesabu zangu zote za shule alinifanyia yeye. Mwalimu hakudanganyika hata mara moja.

Alisoma shule ya msingi hapo Kiserian, sekondari mjini Kajiado, kisha chuo kikuu Nairobi. Mwaka 2004 alirudi kutoka Ufaransa na shahada ya uzamifu katika hisabati, akaanza kufundisha.

Alichunguza programu za kompyuta zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, ajue zitapishana wapi na zitakwama wapi. Alizichora kama njia, na mahali ambapo zingegongana akapaita shimo. Basi habari zikafika kanisani kwamba binti Gakuru ni daktari wa mashimo, na mzee Kiama, mwenye machimbo ya mawe, akaja mbio.

“Daktari, shimo yangu iko na maji. Niambie nichimbe upande gani.”

Waithera alicheka hadi akakaa chini, lakini alienda. Maji hakuyajulia dawa. Ila aliona lori moja limesimama kwenye njia ya kushukia likingoja mashine ya kupakia, na lingine limeshikilia mashine likingoja njia.

“Mzee, hapa sasa ndio kazi yangu,” akasema. “Lori moja isishuke kabla ingine haijapanda.”

Kumbe ndivyo walivyokuwa wakipoteza asubuhi nzima. Mzee Kiama alimletea mbuzi.

Tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na Katoo Lemein wa Ewuaso Kedong, wakajenga Kitengela, na Mungu akawajalia Seleyian na Nick. Katoo anasema mke wake hakuwahi kumpigia kelele. Akikasirika alichukua karatasi, akamchorea kosa lake.

Februari mwaka huu Waithera aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alitaka kumaliza jambo moja tu. Mwaka 2016 alijipatia jina kwa nadharia kwamba kanuni zake za kurahisisha fomula, uanze na yoyote ile, zitakufikisha kwenye jibu lile lile. Baadaye aligundua pengo katika uthibitisho, akalitangaza mwenyewe, na mwanafunzi wake wa uzamifu, Kasyoki, akawa anamsaidia kuliziba. Oktoba Kasyoki alinikabidhi ukurasa mmoja nimpelekee: mfano unaofika kwenye majibu mawili. Nadharia haikuwa kweli.

Niliuficha ukurasa ule ndani ya Biblia yangu. Siku ya tatu aliniuliza, nikautoa. Aliusoma mara mbili, machozi yakamtoka, nami nikajilaumu sana.

“Gichuru, unadhani nalia juu ya uchungu?” akasema. “Kasyoki amenipita!”

Kasyoki alipokuja, alimwambia, “Iandike, na uweke jina yako. Na siku ya kutetea tasnifu usiahirishe, hata kama ndiyo siku wananizika.”

Alitutoka Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, nyumbani Kitengela. Ameacha mume wake Katoo, watoto Seleyian na Nick, mama Mumbi, na mimi. Kasyoki si wa damu, ila familia imetaka aandikwe hapa. Leo Ijumaa hamtamwona kaburini. Alilia kwa simu akiomba aje, tukamkatalia kwa agizo la marehemu. Saa hii amesimama Nairobi mbele ya watahini, akiwaeleza mwalimu wake alikosea wapi.

Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani.