Mwalimu Sijui wa Chang'ombe

Ndugu waombolezaji, mimi Kasimiri, mdogo wake marehemu, ndiye niliyepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake, nami sitayapamba, maana mwenyewe hakupenda mapambo.

Mwalimu Fransis Kasiani Nampoto alizaliwa tarehe 9 Mei 1936 huko Masasi, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akachukua mafunzo ya ualimu, na mwaka wa Uhuru, 1961, akahamia Dar es Salaam, akafundisha hesabu hapa Temeke hadi alipougua. Tarehe 18 Septemba 1965 alifunga ndoa na Yustina, baada ya kusitasita hadi wazee wa posa wakachoka, na yeye na mkewe wakajaliwa watoto wawili, Beda na Demetria.

Beda alifariki tarehe 3 Juni 1975, akiwa na miaka minane, alipogongwa na lori akienda shuleni. Asubuhi hiyo shemeji Yustina alimwita arudi kufunga vifungo vya shati, na tangu hapo akawa akisema kwamba asingemwita, mtoto angekuwa ameshavuka barabara.

Mwaka 1977 marehemu alirudi kutoka masomoni ng'ambo na elimu mpya ya hesabu, akaieleza katika madarasa ya jioni ya watu wazima kule Tandale. Aliweka punje mbili za ufuta zikigusana kwenye donge la chapati, akakunja, akasukuma, akakunja tena, mpaka punje zikaachana mbali. Alisema hapo hapana bahati wala uchawi, kanuni ni nyepesi, lakini tofauti ndogo ya mwanzo hukua kwa kila mkunjo, na kwa kuwa binadamu hawezi kuipima yote, hawezi kujua punje itaishia wapi. Mvua nayo ni hivyohivyo, ya kesho hukisiwa, ya mwezi ujao alijibu hajui, na kwa jibu hilo wauza mchicha waliosoma hapo wakambatiza Mwalimu Sijui.

Jioni moja ya Agosti 1978 shemeji alikwenda kumsikiliza, akasikia kwamba kidogo huzaa kikubwa, akatoka kabla somo halijaisha, na nyumbani akamwambia mumewe kwamba kumbe hata hesabu zinasema ni yeye aliyemuua mwanawe. Nilikuwepo, na iliniuma.

Marehemu hakubishana, alileta kibao cha chapati, akamwomba aonyeshe kwa kidole punje zitatokea wapi, kisha akunje na kusukuma mwenyewe. Shemeji alikosea, marehemu akajaribu akakosea, nami nikakosea. Ndipo akamwambia kwamba kumwita mtoto kungeweza vilevile kumwokoa, na hesabu haimhukumu mtu kwa jambo lisiloweza kuonekana mapema na yeyote. Shemeji alilia sana, na baada ya hapo tukaanza kulisikia tena jina la Beda nyumbani.

Kisukari kilimwanza mwaka 1981, akalazwa mapema Februari 1984, akafariki tarehe 21 mwezi huohuo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chang'ombe, walimu wenzake na wanafunzi wake wa Tandale. Tangu juzi yanasemwa hapa msibani kwamba angewahishwa hospitali, angekatazwa kula hiki na kile, angepona. Shemeji amenituma niwaambie, kwa heshima zote, kwamba aliyempikia kila siku ni yeye, na safari hii hajilaumu.

Kaka Fransis, pumzika kwa amani.