Mpiga Chapa Aliyeulizia Zamu ya Jumapili

Waombolezaji wapendwa, marehemu dada yetu mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Hebu Nione kwa sababu hakukubali jambo kabla ya kuliona, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mfua nguo, na mama alikuwa akisema kwamba hata ziwa hakulishika mpaka alipolitazama kwanza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akajifunza kupiga chapa kwa taipureta mwaka 1974, akaajiriwa kwenye ofisi ya mizigo tarehe 2 Februari 1976, na alipostaafu mwaka 2008 akaweka meza yake kwenye baraza la posta, akawa anawaandikia watu barua za kazi, za talaka na za malalamiko, na aliyemdanganya alirudishiwa karatasi nyeupe.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, lakini si kabla ya kumpelekea saa isiyo na kasoro yoyote na kumwambia imeharibika, naye akaifungua, akaisikiliza, akamwambia, "Dada, hii haina ugonjwa, irudishe nyumbani," na kwa jibu hilo akapata mke, na wakajaliwa mabinti wawili ambao wako hapa mbele.

Jumamosi tarehe 6 Februari 2016 shemeji alibanwa na pumu, wakambeba hadi zahanati yetu, wakakuta kufuli, kwa kuwa siku hizo zahanati haikufunguliwa Jumamosi wala Jumapili, na akakata roho palepale kwenye ngazi, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe. Dada alilia kwa uchungu ambao hatutausahau, kisha akarudi mezani kwake.

Hapo alifanya kosa ambalo mpiga chapa peke yake angelifanya, kwa maana alitunga barua moja nzuri ya kumwomba mheshimiwa mbunge zahanati ifunguliwe siku zote, akaitoa nakala arobaini, majirani arobaini wakatia sahihi, na karani wa mbunge akazipima kwa mkono, akasema, "Mama, hii ni barua moja," akazitia zote kwenye faili moja. Tangu siku hiyo hakumtungia mtu, bali kila jirani aliketi mbele yake akaeleza yaliyompata yeye na kituo anachopigia kura, naye akayaandika kama yalivyotamkwa, makosa na matusi yakiwemo, na kila mmoja akapeleka ya kwake kwa mguu wake, siku ya mbunge kuonana na wananchi, akauliza zahanati itafunguliwa lini, na asipojibiwa akarudi mwezi unaofuata. Walikuwa watu mia moja na kumi na wawili, na ilichukua miaka saba na ushei.

Tarehe 6 Januari 2024 mheshimiwa alikata utepe, zahanati ikaanza kufunguliwa Jumamosi na Jumapili, watu wakapiga vigelegele, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na dada hakupiga hata kofi, badala yake akawa anapita pale kila Jumamosi na Jumapili kuhakikisha mganga yupo kweli na si koti limetundikwa kitini.

Jumapili tarehe 12 Mei alipatwa na kiharusi, tukamkimbiza zahanati, mlango ulikuwa wazi, mganga akampokea kwa haraka, na dada, mdomo ukiwa umepinda, alinyoosha kidole kwenye ratiba ya zamu ukutani, hakutulia mpaka tukamsomea, na ndipo tulipoona kwamba zamu za mwisho wa wiki zimejazwa majina mpaka tarehe 30 Juni, na kuanzia Julai visanduku ni vitupu, na uchaguzi, kama mnavyojua, ni tarehe 29 Juni. Alihamishiwa hospitali kuu, akafariki Alhamisi tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia, wapiga chapa wenzake waliofunga meza zao siku tatu, na mheshimiwa mbunge aliyeleta shada hili kubwa na kuomba dakika mbili za kusalimia. Mheshimiwa, dakika tumekupa, lakini mabinti wa marehemu wanaomba usitueleze jinsi ulivyompenda mama yao, utuambie tu, mbele ya watu hawa mia moja na kumi na wawili waliokaa nyuma yako, Jumapili tarehe 7 Julai mgonjwa akifikishwa pale mlangoni atafunguliwa na nani, kwa jina.

Wewe dada, macho yako yamechoka kukesha, yafumbe sasa, pumzika kwa amani. Mheshimiwa, karibu, tunakusikiliza.