Mwalimu Pyo na Supu ya Kurasa Mia

Leo, tarehe 31 Agosti, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha fasihi katika chuo chetu hapa Daegu, Mwalimu Pyo Myeong-suk anarudisha funguo za chumba 407. Mimi, Ok Jae-ryun, niliyekuwa mwanafunzi wake kisha jirani wa meza yake, nimeombwa niandike kwa heshima na kwa ufupi. Ufupi nitajitahidi.

Maisha yake ya kazi yamezunguka kitabu kimoja. Ni ile riwaya ya miaka ya thelathini ambamo karani wa posta anakunywa bakuli moja la supu kwa kurasa mia na kumi, na nukta ya kwanza unakutana nayo ukurasa wa tisini. Wanafunzi waliikimbia, na kanuni ya chuo tunaijua: kozi isiyofikisha watu kumi inafutwa. Mwaka 2011 walijiandikisha wanne. Mkuu wa idara akamwambia, "Mwalimu Pyo, kubali yaishe. Kitabu chenyewe hakitaki kusomwa."

Hakukubali ng'o. Alijifungia likizo nzima ya baridi, akatoka na tovuti. Unabonyeza sentensi, inajigawa vipande. Unaona nani anawaza, na kama ni asubuhi ya leo au ya miaka kumi nyuma, kisha unamsikia mwanafunzi wa mwaka jana akiisoma huku akilalamika. Na huyu ni mtu aliyekuwa hajui hata kubandika picha! Kila saa alinigongea meza: "Jae-ryun, mashine imenuna tena."

Kisha yakaja ya ramani. Darasa lilitumwa kutafuta ule mkahawa wa supu ulikuwa mtaa gani. Wakaupata, wakauweka kwenye ramani ya mtandaoni, ila badala ya ramani ya darasa wakauweka kwenye ile inayotumiwa na mji mzima. Wakaupa nyota tano na maoni: "Supu tamu, lakini jipe muda." Sisi watu wa hapa tukiona nyota tano hatuulizi, tunapanga foleni. Jumamosi ile watu thelathini walijipanga mbele ya duka la dobi, Bibi Tak, lililopo sasa pale ulipokuwa mkahawa. "Supu gani? Mimi nina mashati," aliwaambia mpaka sauti ikakauka.

Mwalimu Pyo alikwenda kuomba radhi na sanduku la peasi, akainama mpaka miwani ikadondoka. Katika kujieleza akajikuta anasoma ukurasa wa kwanza. Bibi Tak aliendelea kupiga pasi, mwisho akasema, "Mbona huyo karani anaongea kama marehemu mume wangu? Hebu rudia." Leo sauti ya Bibi Tak akisoma ndiyo inayosikilizwa kuliko zote kwenye tovuti. Muhula uliofuata walijiandikisha sitini na wanne.

Muhula huu jina la mwalimu wa kozi ni langu. Usajili ulifunguliwa saa nne asubuhi, wakajiandikisha tisa. Siku ya pili, tisa. Siku ya tatu, tisa. Mwalimu Pyo alikuwa akifunga vitabu vyake kwenye maboksi, haulizi kitu, ila kila dakika kumi alipita nyuma yangu akitafuta gundi. Niliona aibu kumtazama. Kazi yake yote ilikuwa inafia mikononi mwangu.

Ijumaa jioni, dakika mbili kabla ya usajili kufungwa, orodha ikaonyesha kumi. Kanuni inawaruhusu wanaostaafu kusoma bure, nao wanahesabiwa kama mwanafunzi mwingine yeyote. Wa kumi ni Pyo Myeong-suk. Nilimpigia simu. "Nifundishe taratibu," akasema, "mimi kile kitabu hakijaniingia vizuri." Akakata.

Mwalimu wetu, asante kwa kila sentensi uliyotushika mkono kuivuka. Tunakutakia mapumziko mema ya siku mbili. Darasa linaanza keshokutwa saa tatu kamili, na wanaochelewa wanakaa mbele.