Bi. Zilpah Navalayo na Fomu Sitini na Nne za Chekalini

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Zilpah Navalayo anastaafu baada ya kuitumikia Taasisi ya Utafiti ya Isiukhu, hapa Kakamega, kwa miaka ishirini na tisa. Aliingia mwaka wa 1996 akiwa mpiga chapa. Anatoka akiwa Katibu wa Kamati ya Maadili ya Utafiti, cheo kilichowafanya watafiti kadhaa wenye shahada tatu wapitie mlango wa nyuma kila walipomwona koridoni.

Kupiga chapa ndiko kulikomfundisha kazi. Alikuwa akichapa fomu za ridhaa, zile ambazo mtu hutia sahihi kukubali kushiriki katika utafiti, akagundua kwamba haelewi anachochapa. Sasa mkulima wa miwa ataelewa vipi? Alipokabidhiwa kamati mwaka wa 2009, alianza kumsomea Jairus, mlinzi wetu wa lango, kila fomu iliyoletwa. Iliyomshinda Jairus ilirudishwa kwa mwenyewe. Jairus hujigamba hadi leo kwamba amekataa tafiti nyingi kuliko profesa yeyote katika kaunti hii.

Lakini sera inayomtambulisha zaidi ilitokana na kosa, na aliyekosa ni mimi.

Mwaka wa 2014 nilikuwa nikichunguza sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, kule Chekalini. Nilihitaji damu ya akina mama na watoto wao. Kwa kuwa nimelelewa vizuri, sikuingia kwa watu mikono mitupu. Kila boma nililipelekea kilo ya sukari. Nilikaribishwa sana, na kwingine nikachinjiwa ingokho, yaani kuku. Nilirudi na fomu sitini na nne, zote zimetiwa sahihi, nikamwekea Bi. Zilpah mezani nikisubiri pongezi.

Alizipitia mara mbili, kisha akataka kujua waliokataa wako wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba hakuna. Akausimamisha utafiti siku hiyo hiyo. Nilikasirika, nakiri. Nilimshtaki kwa mkurugenzi kwamba ananiharibia kazi ya miaka miwili.

Hakubishana nami. Alienda Chekalini, akayazunguka maboma yale yote bila zawadi, akawaeleza akina mama upya, na kwa kila mmoja akarudi kesho yake kusikia jibu. Ishirini na mmoja walikataa. Mmoja wao, Mama Jeruto, alimweleza kwamba mtoto wake ana ugonjwa wa selimundu, na amedungwa sindano nyingi mno hata akiona mgeni mwenye begi anakimbilia shambani. Lakini, akauliza mama huyo, mtu akishaingia kwako na sukari, nawe umeipokea, unamnyimaje anachoomba? Niliposoma hayo kwenye ripoti ya Bi. Zilpah niliona haya sana. Wiki iliyofuata ningemtoa damu mtoto yule.

Hapo ndipo ilipozaliwa sera yetu ya ridhaa: eleza leo, rudi kesho, usibebe kitu, na anayekataa asiulizwe sababu. Zawadi ya shukrani hutolewa mwishoni, na hata waliokataa hupata. Mwaka wa 2022 aliipeleka hadi kwenye programu zetu za simu, ambazo sasa hazipokei jibu la mkulima kabla ya siku moja kupita. Vijana wa kompyuta walinung'unika wiki nzima, halafu wakatii.

Utafiti wangu ulikamilika na akina mama arobaini na watatu, na ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote. Asante, Mama. Ulinizuia kutenda ubaya ambao nisingejua nimeutenda.

Mwezi uliopita, mtafiti wetu mpya, Beverlyne, alimwomba Bi. Zilpah ashiriki katika utafiti wa afya ya wastaafu. Alimweleza, akaondoka, akarudi kesho yake. Bi. Zilpah akakataa. Beverlyne alimshukuru, akaenda zake. Siku hiyo Bi. Zilpah alitembea ofisi hadi ofisi akitabasamu, mpaka tukadhani amepandishwa cheo.

Pumzika kwa afya na furaha nyumbani kwako kule Amalemba, Mama, na Mungu akuzidishie miaka. Kwa nini ulikataa, hatuulizi.

Erastus Osiako, Idara ya Lishe