Kipande cha Shaba cha Hirad

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Asenath, wewe ndiye kifungua mimba, kaa hapa kichwani unishikie kikombe. Na wewe Bwire, zima hiyo simu uketi. Msinikatize, kwa kuwa nikikatizwa sijui kama nitaweza kuanza tena.

Mambo ya mali hayatatuchelewesha. Shamba la Bungoma mgawane nusu kwa nusu, kama tulivyosema mbele ya wajomba zenu, na cherehani ya marehemu mama yenu ni ya Asenath, asiulizwe na mtu. Kinachonisumbua ni huu ufunguo ulio chini ya mto, ufunguo wa ukumbi wa mabati kule Shauri Moyo, ambako chama chetu cha treni ndogo za mfano kimekutana miaka ishirini na sita, mimi nikiwa mwenyekiti.

Mle ndani, juu ya meza, sisi wastaafu wa reli tulijenga njia nzima kutoka stesheni kuu hadi Embakasi, na kando yake mitaa yetu: Shauri Moyo na nyumba zake za kaunsili, Gikomba na vibanda vyake, Kariobangi na karakana za jua kali, hata nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Kila Desemba tuliendesha treni zetu siku mbili, tukaziita siku za maonyesho, na watazamaji tulikuwa sisi wenyewe, watu kumi na mmoja. Bwire, ulikuwa ukinitania, "Buda, hiyo ni show gani haina watu?" Nilikasirika.

Hirad ndiye peke yake kati yetu ambaye hakuwahi kufanya kazi reli. Alikuwa na duka la vitambaa Gikomba, na kwa makopo ya mafuta ya kupikia alitengeneza injini nyekundu ambayo hakuna fundi wetu aliyeweza kuikaribia. Siku moja akasimama mkutanoni akasema, "Mzee Nyongesa, watu tumewajengea nyumba zao hapa mezani na hawajawahi kuziona. Tuwafungulie, hata kwa siku moja." Nikamjibu kwamba watoto watavunja, wezi watabeba, vumbi litaingia kwenye mota. Kura zikawa tano kwa tano, na ya kuamua ikawa yangu. Nikaufunga mlango, kisha nikaandika kibao kwa mkono wangu: Wanachama tu, usiguse.

Ukweli, wanangu, sikuogopa vumbi. Mle ndani nilikuwa bado mkuu wa stesheni, nikiinua mkono treni inasimama, na hapa nje nilikuwa mzee tu wa kutumwa sukuma wiki. Niliona choyo kumpa kila mpita njia kile kidogo kilichonibakia. Na nilimchukia Hirad kwa kuwa alisema kweli. Tangu siku hiyo hadi anakufa, salamu yangu kwake ilikuwa ya mdomoni.

Sasa sikilizeni hili, ambalo sijamwambia mtu. Zamani, palipokuwa na njia moja tu ya kwenda na kurudi, dereva hakuondoka stesheni mpaka akabidhiwe kipande cha chuma mkononi, na akiwa nacho anajua hakuna treni nyingine itakayokutana naye mbele. Sisi tuliuleta mtindo huo chamani: kila mwanachama alipewa kipande cha shaba chenye jina lake, na bila hicho huingii. Desemba iliyofuata kifo cha Hirad, mkewe Falis alikuja ukumbini peke yake, amevaa buibui jipya, na kipande cha mumewe kiganjani. Akaniambia, "Baba Asenath, nimekuja kuona injini yake ikitembea, mara moja tu." Nami nikakichukua kile kipande kutoka mkononi mwake, nikamwambia mwanachama akifa kipande hurudi chamani, nikafunga mlango.

Hakuondoka. Aliketi nje kwenye tofali hadi jioni, akisikiliza injini ya mumewe ikizunguka nyuma ya mabati, nami ndani nilimwona kupitia tundu la msumari na sikufungua. Leo Falis yuko mtaa wa Fedha kwa binti yake Anisa, na macho yamekufa yote mawili. Hata nikimfungulia sasa, hataona. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ugonjwa huu.

Nipe maji, Asenath... basi, yanatosha.

Ufunguo uchukueni. Desemba hii mlango ufunguliwe wazi, aingie mama mboga, aingie mwenye boda boda, waingie watoto wa Kariobangi na mikono yao michafu, na kitakachovunjwa kitarekebishwa na waliobaki. Kile kibao, Bwire, kitoe, kipasue, ukifanye kuni. Lakini kabla ya mtu yeyote kuingia, nendeni Fedha mkamlete Falis. Kipande cha Hirad kimo kwenye mkebe wa majani chai, juu ya kabati. Mrudishieni mkononi, mumwongoze hadi mezani, na vidole vyake mviweke juu ya ile injini nyekundu. Aiguse yote. Aguse na nyumba yake tuliyoijenga pale mezani.

Mungu awatunze, wanangu. Awape kusema "karibu" mapema... msije mkachelewa kama mimi. Msigombane.

Mwambieni... mwambieni Falis nilifanya kazi reli miaka thelathini na minne, na sheria niliijua. Aliyeshika kipande... njia ni yake. Ilikuwa yake siku ile.