Bi Mwanapili binti Boga, Aliyetueleza Hukumu za Korti

Bi Mwanapili binti Boga, tuliyemzika leo hapa Msambweni baada ya sala ya Ijumaa, alizaliwa Kinondo, Diani, mwaka wa 1906, mwezi wa Maulidi. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Boga, na baada yake akazaliwa nduguye, Kibwana.

Alisoma chuoni hapo hapo Kinondo. Alipofika kwenye aya za mirathi aliuliza maswali mengi mpaka mwalimu wake akamwambia, "Mwanangu, soma kwanza. Maana itakuja."

Mwaka wa 1924 aliolewa na Mzee Sefu Matano, fundi wa milango, akahamia Msambweni. Alilima mpunga na kusuka mikeka, na mikeka yake ilijulikana mpaka Vanga.

Mzee Boga alifariki mwaka wa 1953, mkewe akiwa amekwisha kutangulia, akaacha shamba la minazi. Kwa ada ya zamani ya Kidigo, mali ya mtu humwendea mpwa wake, mtoto wa dada, na mpwa huyo alikuwa Chirau, aliyelipalilia shamba lile tangu ujana wake. Bi Mwanapili alishtaki. Alidai kwamba baba yake aliishi na kufa Mwislamu, kwa hiyo mirathi igawiwe Kiislamu. Kibwana aliona haya kusimama mbele ya binamu yake, basi dada alikwenda peke yake. Wazee wa korti walimpa Chirau ushindi. Kulipokucha Bi Mwanapili akaenda kukata rufani.

Rufani iliamuliwa Februari 1955. Theluthi mbili za shamba zilikwenda kwa Kibwana, theluthi moja kwake. Jirani yake, Bi Mwanarusi, alishindwa kujizuia: "Dada, uhangaike wewe, fungu kubwa alipate aliyekaa nyumbani?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," alijibu huku akicheka. "Jana sikuwa na hata kifuu. Leo nina minazi."

Tangu hapo, kila korti ilipokaa Kwale alikwenda kusikiliza, na alasiri ya siku ya pili yake wanawake walijaa uani kwake. Mzee Sefu alizoea kulalamika kwamba siku hizo chakula hakiivi mpaka kesi iive, lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Enhe, wameamuaje?" Kila mara Bi Mwanapili alianza na maneno ya aliyeshindwa. "Aliyeshinda mtamsikia mwenyewe njiani," alisema. Hata kesi yake mwenyewe aliisimulia hivyo: "Chirau si mwizi. Alidai kile alichofundishwa tangu utotoni kuwa ni chake."

Bi Kanze wa Samburu, hii ya huku kwetu Kwale, alipotozwa faini kwa sababu mbuzi wake walikula mahindi ya jirani, Bi Mwanapili alitikisa kichwa. "Wameuliza mbuzi ni wa nani. Hawakuuliza ua ulioanguka ni wa nani." Maneno hayo yalisafiri mpaka Samburu, Bi Kanze akakata rufani, akashinda. Mwaka jana alikuja hapa na jogoo mkononi kumshukuru.

Agosti mwaka huu kifua kilianza kumbana. Alitibiwa hospitali akapata nafuu, kisha akataka arudishwe nyumbani. Chirau alikuwa akija kutoka Kinondo kumletea madafu na kumfungulia kwa mkono wake. Bi Mwanarusi alimwuliza, "Chirau, hukumkasirikia?"

"Nilimkasirikia," alisema. "Lakini watu wote walisimulia kesi ile, na ni yeye tu aliyesema upande wangu sawasawa."

Bi Mwanapili alifariki alfajiri ya leo, tarehe 14 Novemba 1958, mumewe akiwa amemshika mkono.

Amemwacha mumewe, Mzee Sefu, watoto wake Mbeyu, Shutu na Chome, wajukuu, nduguye Kibwana, na binamu yake Chirau, ambaye leo ameingia kaburini kumpokea. Mola ampe hukumu nyepesi, naye apumzike kwa amani.