Fundi wa Magunia Yasiyoonekana

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa kitinda mimba wa watoto wanne. Alitanguliza miguu, ubishi ukafuata.

Alianza shule mwaka 1965. Mwalimu aliandika kwenye ripoti, "Anauliza sana," mama akamchapa akidhani ni utovu wa adabu. Hakuacha kuuliza hadi alipomaliza chuo kikuu mwaka 1983.

Alikuwa mkemia katika maabara ya hospitali. Alistaafu mwaka 2018, ila aliendelea kwenda kazini kana kwamba hakuambiwa. Huko alitengeneza unga mweupe wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Alimweleza dada yake mkubwa, anayesoma wasifu huu: "Dawa ya saratani ukiimwaga mwilini hivi hivi, inampiga mwenye kosa na jirani yake. Mimi naipakia kwenye vitundu hivi, ndiyo magunia yangu, ikashuke penye uvimbe tu."

Alifunga ndoa na muuguzi tarehe 6 Desemba 1986, akichelewa saa mbili kwa kungoja unga ukauke. Bibi harusi alimuuliza tu, "Umekauka? Haya, tuoane." Walijaliwa binti wawili.

Januari mwaka huu aligundulika ana saratani ya kongosho. Unga wake ulikuwa bado unajaribiwa kwa panya.

"Mganga hajigangi, lakini wewe jigange!" dada yake alimsihi.

"Dada, nimewakatalia wagonjwa wangapi? Nikijipa mimi, nitawatazama kwa macho gani?"

Dada hakukubali. Alipotumwa maabara kumletea miwani, alirudi na kichupa cha unga pia, akamkorogea vijiko viwili kwenye chai, akamwamsha anywe. Marehemu alionja, akatazama kikombe, akaonja tena.

"Unga huu umeutoa kabati la kushoto?"

"Ndiyo."

"Dada yangu, hayo ni magunia matupu! Dawa sijapakia. Na hata ningepakia, hupita kwa sindano, si kwa chai."

Alicheka mpaka mkewe akaja mbio. Kisha akaimaliza chai yote, akisema mkubwa hakataliwi. Kesho yake alimtuma dada arudishe kichupa na kuomba radhi. Akaenda, na miaka yake sabini na minne, akaomba radhi kama mtoto wa darasa la pili.

Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, binti wawili, wajukuu watano na dada mmoja.

Mungu amlaze pema, mdogo wetu. Dada yake hatamwamsha tena anywe kitu.